Kungoja Jibu la Bursi



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za kanisa, hata nyumba za wachimbaji. Kijana amemaliza masomo ya juu, amepata lisansi yake. Anasikia kwamba nchi fulani ya ngambo inatoa bursi, yaani musaada wa kulipia masomo. Anapanda moto mpaka Sake, kiisha Goma, analipa saa za intaneti, anajaza karatasi, anatuma dosye. Anarudi nyumbani na kuanza kungoja. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa tano. Hakuna neno.

Baba mumoja, sitataja jina wala kijiji chake, aliniuliza hivi: "Muchungaji, mutoto wangu aliomba bursi ya Uingereza. Alikuwa anafundisha, lakini ameacha kazi, anasema karibu anaondoka. Shamba halimi tena. Harusi ya dada yake tumeisimamisha ili ng'ombe wakae kwa ajili ya safari. Na sasa kuko mutu kule mujini anasema tukimutumia dola 150 atasukuma dosye. Niuze ng'ombe ao nisiuze?"

Ninajua baba huyu si peke yake. Kwa hiyo ninamujibu mbele ya ninyi wote.

KWA NINI JIBU LINAKAWIA

Kwanza tujue namna kazi hii inavyotembea, sababu mutu asiyejua njia anaona kila kona ni ajali.

Tuchukue mufano wa bursi ya Chevening, ambayo serikali ya Uingereza inatoa tangu 1983. Inapokea maombi toka nchi zaidi ya 100, na yetu imo. Kwa kawaida maombi yanaingia kati ya Agosti na Oktoba. Kiisha watu wanaanza kuyasoma, na ni makumi ya maelfu. Wale waliochaguliwa kwanza wanaitwa kwa mazungumzo, mara nyingi kati ya Februari na Aprili. Jibu la mwisho linaanza kutoka mwezi wa Juni. Hesabu mwenyewe: aliyetuma dosye Oktoba anaweza kungoja miezi minane, na hakuna kitu kibaya kilichotokea. Na kuko wengine ambao hawaambiwi ndiyo wala hapana. Wanawekwa pembeni kama akiba, ili mumoja akiacha nafasi yake, mwingine aingie.

Kwa hiyo, kijana, ukimya wa miezi mitatu si jibu. Usiseme "wamenikatala", tena usiseme "karibu ninaondoka". Yote mawili ni kusema mbele ya wakati.

MUTU ANAYEUZA MAJIBU

Sasa ile dola 150. Baba, usitoe hata moja.

Bursi ya kweli haiuzi jibu lake. Chevening haiombi feza ya kupokea dosye. Universite nyingine zinaomba malipo kwa mutu anayetaka kuandikwa. Hayo ni kweli. Lakini malipo hayo yanaandikwa wazi katika tangazo la universite yenyewe, na kila mutu analipa sawasawa. Hayatumwi kwa telefone ya mutu. Mukisikia maneno haya matatu, mujue ni mutego: "fanya haraka", "usimuambie mutu", na "tuma kwa namba hii". Mutu yule hana mukono Londoni. Anajua tu kwamba munangoja, na kwamba mwenye kungoja ana njaa ya habari.

Tena tuangalie dhambi iliyo ndani ya jambo hili, hata kama mutu angekuwa na uwezo wa kweli. Kununua nafasi ni kumunyanganya kijana mwingine, labda yatima wa Walikale ambaye hana ng'ombe wa kuuza.

WALE WALIONGOJA MBELE YETU

Vijana wanafikiri jambo hili limeanza na intaneti. Hapana. Wazee wetu wa inchi hii walingoja mbele ya mulango uliofungwa kabisa. Wakati wa Wabelgiji, vijana walisomeshwa kuwa makarani, walimu na wasaidizi wa waganga. Wale waliopata nafasi ya kuwa mapadri walisoma zaidi. Thomas Kanza aliingia universite ya Louvain, Ubelgiji, mwaka wa 1952, akamaliza 1956. Anatajwa kuwa Mukongomani wa kwanza, pasipo kuhesabu mapadri, aliyepata diploma ya universite. Universite ya Lovanium ilifunguliwa kule Kinshasa 1954 tu. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika hata 30 katika inchi nzima. Leo mulango umefunguliwa. Shida ni kwamba watu mbele yake ni wengi.

Tuvuke mpaka Kenya. Mwaka wa 1959 vijana wengi wa kule walikuwa na barua mukononi: koleji za Marekani zimewakubali, wengine wamepewa hata bursi ya masomo. Lakini hawakuwa na tiketi ya ndege. Waliambiwa ndiyo, na wakabaki nyumbani! Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizunguka Marekani kuomba musaada. Watu kama Jackie Robinson, muchezaji wa mupira wa besiboli, na muimbaji Harry Belafonte walitia sahihi barua ya kuchanga feza. Septemba 1959 ndege moja ikatoka Nairobi na vijana 81. Mpaka 1963, karibu vijana 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mupango ule. Na nyuma ya kila mumoja kulikuwa jamaa na majirani waliochanga shilingi kwa shilingi.

Katika kundi la 1960 alikuwamo binti wa kijiji karibu na Nyeri, Wangari Maathai. Alisoma biolojia kule Kansas, akamaliza 1964, akaendelea Pittsburgh, kiisha akarudi kwao. Mwaka wa 1971 alipata udokta katika universite ya Nairobi, na 2004 akapewa zawadi ya Nobel ya amani. Ninyi wazazi munaosema binti asijisumbue kuomba bursi sababu ataolewa, mufikiri kidogo juu ya jamaa ile ya Nyeri.

Fundisho la Kenya ni hili: ndiyo ya kwanza si safari. Musome tangazo mpaka mwisho. Bursi inalipa nini? Chevening inalipa masomo, ndege na chakula cha kila mwezi. Nyingine inalipa masomo tu, na tiketi, nyumba na chakula vinabaki juu ya jamaa. Baba mpendwa, kama bursi ya mutoto wako inalipa ndege, ng'ombe wale wanangoja safari ambayo imekwisha kulipwa. Lakini paspoti inafaa, na njia ya kuifikia ni ndefu. Tangu Januari 2025, wakati M23 walipokamata Goma, tuliona namna kiwanja cha ndege na mabanki vilivyofungwa. Kwa hiyo muweke kando akiba ya paspoti na njia. Ng'ombe wengine waende katika harusi ya binti. Si haki dada akae bila ndoa yake sababu kaka anangoja barua.

KAZI ZA WAKATI WA KUNGOJA

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma juu ya Yosefu gerezani. Alimuomba munyweshaji wa mufalme amukumbuke. Mutu yule akatoka, akasahau, miaka miwili mizima. Lakini Yosefu hakusimamisha kazi yake ndani ya gereza, na siku alipoitwa alikuwa tayari. Kungoja kwa namna hiyo kuna kazi zake. Ninataja nne.

1. Usiache kazi yako. Kijana yule wa baba wetu aliacha kufundisha. Chevening inaomba mutu awe na saa 2800 za kazi kiisha kupata diploma ya kwanza ya universite, ni sawa na miaka miwili hivi. Hata kazi ya kujitolea inahesabiwa. Kwa hiyo kila siku anayosimama mbele ya watoto na choki mukononi inaongeza dosye yake, na kila siku anayolala inapita bure. Arudi kwa mukubwa wa masomo, aombe nafasi yake kwa heshima.

2. Linda karatasi. Vita vya 2023 na 2024 viliondoa jamaa nyingi za Masisi katika nyumba zao, na watu walikimbia na godoro na sufuria. Wengi walipoteza diploma. Chukua picha ya kila karatasi: diploma, pointi za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa. Zitume katika barua-pepe yako mwenyewe, tena umuachie ndugu wa muji mwingine nakala. Nyumba inaweza kuungua. Picha iliyo mahali pengine itabaki.

3. Fungua barua zako. Vijana wengine wametumia namba ya telefone ya rafiki, ao barua-pepe ya mwenye kufanya kazi ya intaneti, na leo hawajui neno la kufungulia. Jibu linaweza kufika na kukosa mwenyewe. Angalia mara moja kwa juma, hata mahali ambapo barua za ovyo zinatupwa. Mara moja inatosha. Kupanda kilima kila siku kutafuta rezo ni kumaliza uniti na moyo.

4. Jifunze Kiingereza kama unaomba kwa Waingereza. Karibu na sisi kuna ndugu waliokimbilia Uganda wakarudi wakiwa wanakisema. Lipa kwa maharagi kama huna feza.

Na wewe unayefikiri kushuka Rubaya kuchimba koltani "kwa miezi michache tu, nipate feza ya paspoti", ninakuomba uzungumze na wazazi kwanza. Tumezika vijana waliokwenda kwa miezi michache. Muchimbaji mwenye akili anajua kwamba shimo linaweza kutoa ao kukatala, kwa hiyo muke wake analima maharagi na viazi wakati yeye yuko chini. Bursi nayo ni shimo. Chimba, lakini shamba lisilale.

KAMA JIBU NI HAPANA

Wazazi, hapa ndipo mutoto wenu atawahitaji. Siku ile jibu linafika "tunasikitika", kijana anaona haya kupita njiani sababu kijiji kizima kilijua. Wengine wamekimbia nyumbani kwa haya. Musimuhesabie feza ya intaneti siku ile. Mumupikie. Musimuite mwenye bahati mbaya, na musitafute jirani gani amemuroga. Watu makumi ya maelfu waliomba. Je, wote wamerogwa?

Kiisha majuma machache, mukae pamoja muulize: dosye ilikosa nini? Mwaka ujao mulango unafunguliwa tena, na Chevening inakubali aliyekataliwa aombe mara ya pili. Tena ngambo si mahali pekee pa kusoma. Hapa Goma kuko universite yetu ya Waprotestanti, ULPGL, iliyoanzishwa 1985. Muganga Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani 2018, alisomea uganga jirani, kule Burundi, akamaliza 1983. Alifanya kazi katika hospitali ya Lemera, na kazi ile ndiyo ilimuonyesha mateso ya wamama wanaozaa. Kiisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uganga wa wamama, na 1989 akarudi Lemera. Alipofika Ulaya alijua tayari anatafuta nini, sababu alikuwa amekwisha kutumika nyumbani.

Na kama jibu ni ndiyo, ndugu, kumbuka kwamba Chevening inaomba mutu arudi katika inchi yake kwa miaka miwili kiisha masomo. Usitie sahihi jambo ambalo moyo wako umekwisha kukatala. Kanisa litakuombea uende. Litakuombea vilevile urudi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, ni jambo gani tumesimamisha sababu tunangoja jibu? Ni nani anayeumia kwa ajili hiyo?
2. Bursi ambayo mutoto wetu ameomba inalipa nini, na haitalipa nini? Nani amesoma tangazo mpaka mwisho?
3. Karatasi za watoto wetu ziko wapi leo? Tukikimbia usiku huu, zitabaki ao tutakuwa nazo?
4. Binti zetu nao wanapata nafasi ya kuomba kama ndugu zao?

Mubaki na amani ya Bwana. Tukijaliwa, tutaonana mwezi ujao.