Mashini ya juzi, Windows ya 2009

Goma – Mtu anaingia Birere na kompyuta ya mkononi aliyonunua kwa dola alizokusanya miezi mingi. Mashini ilikuja na Windows 11, inaenda polepole, inauliza maswali ambayo mwenyewe hayaelewi. Fundi anaitazama dakika mbili na kusema: "Hii tutaiwekea Windows 7, itakuwa nyepesi." Jioni mteja analipa na kuondoka. Asubuhi yake wifi haionekani, sauti haitoki, na picha za harusi hazipo tena.

Hayo yanafanyika Goma, yanafanyika Bukavu, na yamezoeleka mpaka watu wanayaita ufundi. Si ufundi. Ni kung'oa kufuli nzima mlangoni kwa mtu, kumwekea iliyooza, halafu kumdai pesa ya kazi.

Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Ilikuwa nzuri, hakuna anayebisha. Lakini Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020. Makampuni yaliyokubali kulipa yaliongezewa muda hadi Januari 2023, kisha nayo yakafungiwa. Mwaka huohuo wa 2023 Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7. Tundu lolote lililogunduliwa tangu hapo liko wazi, na wezi wa mitandaoni wanalijua. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Wengi wa walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo haikuwekewa kiraka, na wakati huo viraka vilikuwa bado vinatoka. Leo havitoki kabisa.

Halafu kuna mashini yenyewe. Windows 7 ilitengenezwa kabla ya vifaa vingi vilivyo ndani ya mashini za leo. Haifahamu matundu ya USB 3.0, ndiyo maana katikati ya kuiweka kibodi na mausi vinakufa na fundi anaanza kutoa jasho. Diski za kisasa za NVMe haizioni bila kuongezewa programu. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha saba, Microsoft ilisema wazi kwamba Windows 7 hazihusu. Kwa hiyo draiva ya skrini haipatikani, prosesa inabeba peke yake kazi ya kuchora picha, mashini inapata joto na betri inaisha mapema. Kwa familia inayolipia kuchaji kwenye kibanda cha paneli, huo ndio "wepesi" iliouziwa.

Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja. Tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, laptopu inayouzwa na Windows yake kutoka kiwandani huwa na namba ya leseni ndani ya bodi yenyewe. Ukiiwekea tena Windows ileile, inajitambua ikipata intaneti, bila kulipia tena na bila programu ya wizi. Mteja tayari ana mali yake. Fundi anaifuta, pamoja na sehemu ya diski ambamo kiwanda kiliacha nakala ya kurudishia, kisha anamwekea Windows 7 iliyovunjwa kufuli, kutoka kwenye flashi ambayo hakuna anayejua imepitia wapi.

Lakini hasara kubwa zaidi ni ya karatasi. Familia zilizotoka Masisi na Rutshuru zilikimbia na watoto mgongoni. Nyingi hazikubeba karatasi. Pengine kilichobaki ni picha ya diploma ya serikali, ya cheti cha kuzaliwa, ya hati ya shamba, ya kadi ya mchaguzi, vyote vimehifadhiwa kwenye mashini moja ya kaka au ya mwalimu wa kambi. Fundi anayefuta diski bila kuuliza "ndani muna nini?" anachoma kabati ya watu kumi. Kesho ofisi itawaomba cheti, na aliyekitoa hayupo tena kule.

Wapo wanaojibu: "Sisi hatutumii intaneti, virusi vitatoka wapi?" Vitatoka kwenye flashi. Kibanda cha fotokopi kinapokea flashi za mtaa mzima kwa siku moja, ya mwanafunzi, ya pasta, ya mtu wa shirika. Hiyo peke yake inatosha.

Tusimwonee fundi bure. Mashini ya zamani ya RAM 2, inayoendesha printa fulani tu na haipokei flashi ya mtu, ibaki na Windows 7 yake. Microsoft nayo haiponi lawama: ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashini nyingi ambazo bado nzima. Mtu wa Goma hawezi kununua mashini mpya kila Marekani inapoamua. Ila dawa ya hilo si kurudi 2009. Mara nyingi mashini nzito inaponywa kwa kuongezewa RAM, au kuondolewa diski ya kuzunguka na kuwekewa SSD. Ikishindikana, kuna Linux Mint: ni ya bure, inapata viraka hadi leo, na toleo lake la Xfce halidai nguvu nyingi. Kuizoea kunachukua siku chache.

Kabla ya kuacha mashini, mwenyewe aombe mafaili yanakiliwe mbele ya macho yake na ayafungue kwenye mashini nyingine. Aulize ni Windows gani itawekwa. Kama laptopu ilikuwa na Windows 11, atafute kwanza kwenye akaunti yake ya Microsoft namba ya tarakimu 48 ya BitLocker, kwa sababu fundi akigusa mipangilio ya Secure Boot, diski inaweza kujifunga na kuidai.

Kwa aliyekwisha kufutiwa: azime mashini leo, asiandike wala kupakua chochote. Kama diski ni ile ya kuzunguka, fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili bado anaweza kuokoa sehemu. Kama ni SSD, nafasi ni ndogo sana.