Bwawa la Mazoezi Tiba Lianzie Temeke

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, mara nyingi mguu wake huwa na nguvu ya kusogea lakini si ya kubeba mwili. Hapo ndipo maji yanapofaa. Akisimama ndani ya maji yanayofika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, takriban theluthi. Asiyeweza kusimama sakafuni hujikuta anapiga hatua. Tena maji hayohayo humkinza kwa kadiri ya mwendo wake: akienda polepole humpisha, akiharakisha humzuia, na misuli hufanya kazi bila kishindo gotini.

Yapo matangi ya kisasa yenye mkanda wa kutembelea chini ya maji na kuta za kioo. Ni vyombo vizuri, lakini sioni sababu ya kuyasubiri. Kazi hufanywa na maji, si mota. Bwawa la kina cha kifua, sakafu isiyoteleza, mteremko wa kuingilia badala ya ngazi, vyuma vya kushikilia na maboya machache vinatosha kuanzia. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu mwaka 1921, alitumia maji vuguvugu ya chemchemi ya Warm Springs, Georgia. Hakupona, hata hivyo mwaka 1926 alipanunua, pakawa kituo cha wagonjwa wa polio.

Kinachonisumbua zaidi ni mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba kiharusi Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya wilayani Hai. Wagonjwa wetu wengi wanaishi Mbagala na Bunju, si jirani na Muhimbili. Mwenye miguu dhaifu hawezi kugombania daladala asubuhi. Hukodi bajaji, na nauli ikiisha, mazoezi nayo yamekwisha. Ningekuwa na uamuzi, ningeanza na hospitali za Temeke na Mwananyamala, nikatenga fedha za klorini na za mtaalamu wa kuingia majini na mgonjwa kabla sijanunua tofali la kwanza. Wenye vidonda wazi, kifafa kisichodhibitiwa au moyo ulioshindwa kazi wasiingizwe.

Ndugu wanaowapeleka wagonjwa wao Coco au Kigamboni alfajiri nawaelewa. Ila baharini mchanga huhama chini ya unyayo, na mguu uliokufa ganzi huchanwa na chupa bila mwenyewe kujua.