Bia Gani Italetwa?

Nyumba ya vinywaji na chakula ikijengwa hapa Kasapa, rangi haijakauka ukutani, watu wamekwisha kubishana: bia gani italetwa? Wengine wataka Simba, wengine Tembo ile nyeusi, zote mbili za papa hapa Lubumbashi. Yuko na mpenzi wa Primus, iliyozaliwa Kinshasa mwaka 1926, mji huo ungali ukiitwa Léopoldville. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, ambao mifuko yao twaijua, ndio wabishi kupita wote!

Mimi nauliza habari za munkoyo. Kazi yake si ndogo: uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe, kisha hutiwa mizizi iliyopondwa ya mmea uitwao munkoyo, nayo huufanya uji kuwa mwepesi na mtamu. Kesho yake hunywewa. Siku zikizidi, waanza kulevya. Akina mama huuza kinywaji hicho kwa vikombe. Mwenye nyumba akikinunua kwao, akakiweka mezani pamoja na bukari na michopo, fedha kiasi zitarudi kwa majirani. Akijaza friji chupa tupu za kiwandani, mama hao watatafuta wateja wapi?