Kofia Ngumu si Pambo la Usukani

Apitaye asubuhi katika barabara itokayo Mwanakwerekwe kuelekea Mjini ataona jambo ambalo sote tumekwisha kulizoea hata hatulioni tena. Ataona kijana juu ya pikipiki, nyuma yake mkewe na mtoto wa skuli aliyebanwa katikati, na kofia ngumu, ambayo kwa yakini ilinunuliwa kwa fedha, imening'inia usukanini kama kikapu cha sokoni. Wakimkaribia askari wa usalama barabarani, kijana huivaa. Wakishampita, huivua. Mama na mtoto hawana kofia kabisa, na aghalabu hakuna anayewauliza.

Tumeamua kuliandika jambo hili kwa sababu wadi zetu za majeruhi zinalijua vizuri zaidi kuliko sisi wa magazetini. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akiwahi soko, mwalimu aliyekuwa akirudi shamba, mgeni aliyekodi vespa Paje bila ya kuwahi kuendesha chombo hicho kwao: wote hao huletwa hospitali na majeraha yanayofanana. Wanaokufa hutangazwa na kuzikwa. Wanaochunika ngozi hawatangazwi, ingawa wengi wao hukaa nyumbani wiki kadhaa bila ya kazi, na nyumba nzima huwategemea.

Watu wengi hudhani kwamba mchubuko ni jambo dogo. Ndivyo ulivyo kwa mtoto aliyejikwaa uwanjani. Lakini mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, na akigonga kitu kisichosogea kwa mwendo huo, kishindo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka mita 14, yaani ghorofa ya nne au ya tano ya majumba ya Michenzani. Asipogonga kitu, huburuzika. Lami humsaga kama tupa isagavyo mti. Viganja hutangulia kwa kuwa mwanadamu hunyoosha mikono anapoanguka, kisha hufuata viwiko, magoti, nyonga na kidevu. Shati jepesi hupasuka papo hapo. Suruali ya dangirizi nene hukawia kidogo, na ngozi ya mnyama hustahimili zaidi. Ama ndara na makubadhi, hayo huvuka mguuni kabla mwenyewe hajafika chini.

Hatumtaki mvuvi wa Kizimkazi avae koti la ngozi katika joto la Januari. Atakayeshauri hivyo hajawahi kukaa visiwani. Tunachokitaka kinawezekana: viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu nzito, shati la mikono mirefu, na glavu, ambazo wengi huzicheka mpaka siku watakaposhindwa kushika kijiko. Akina mama wanaopakiwa wakaze baibui na kanga zao zisifike kwenye mnyororo na sipoki, kwani nguo ikinaswa hapo humvuta mvaaji chini, na chombo hakisimami mara moja. Wengi wao hukaa upande kwa ajili ya heshima. Heshima hiyo tunaithamini, lakini wajue kwamba anayekaa hivyo hana pa kujizuia breki zikishikwa ghafla.

Na breki zenyewe wengi hawajafundishwa kuzitumia. Imeenea imani kwamba breki ya mbele humpindua mtu, hivyo hukanyagwa ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Dawa ni kuzishika zote mbili kwa utaratibu, bila ya kuyafunga magurudumu, hasa barabara ikiwa maji. Hapo pia kuna kosa tunalolirudia kila masika. Tunaogopa mvua kubwa, kumbe la kuogopwa zaidi ni manyunyu ya mwanzo, yanayochanganyika na mafuta na vumbi la kiangazi na kuifanya lami iwe kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Kuhusu kichwa, dunia imekwisha kujifunza, na ilijifunza kwa msiba. Mwezi Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki kwao Uingereza alipojaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa siku sita bila ya fahamu, akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwemo mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Alichunguza vifo vya waendeshaji pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyolisukuma jeshi la Uingereza kuwalazimisha matarishi wake wavae kofia. Raia wa nchi hiyo walisubiri sheria mpaka mwaka 1973. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa jambo lililokwisha kuthibitishwa kuwafikia wananchi, na sisi hatuna udhuru wa kusubiri kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kofia ngumu iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa kiasi cha asilimia 70.

Tunasisitiza neno sawasawa. Kofia isiyofungwa kidevuni hutangulia kuruka na kumwacha mwenyewe. Kofia ya mjenzi wa nyumba si kofia ya pikipiki. Iliyokwisha kupigwa vibaya mara moja haifai tena, hata ikipakwa rangi ikang'ara, kwani ile sponji ngumu ya ndani imekwisha kubonyea na haina nguvu ya kupokea pigo la pili. Wanaolalamika kwamba kofia ya abiria ina jasho la watu wasemacho ni kweli, na kitambaa chepesi chini yake kinatosha. Ushungi nao si kizuizi, mradi kofia ichaguliwe kwa kipimo.

Aliyekwisha kuumia naye ana haki ya kutibiwa kwa maarifa. Bado tunaona vidonda vya lami vikipakwa dawa ya meno, majivu, hata mafuta ya taa. Kidonda hicho chataka maji safi mengi na sabuni, na mchanga wote uondolewe, ingawa kazi hiyo inauma sana. Mchanga ukiachwa, ngozi hufunga juu yake na kubaki na madoa meusi maisha, hayo yakiwa ndiyo madogo, kwani usaha na pepopunda ndiyo makubwa. Kisha kifunikwe kwa kitambaa safi kisichogandana nacho, na mgonjwa aulizwe mara ya mwisho alichomwa lini sindano ya pepopunda. Kidonda kipana au kirefu, au kilicho usoni au kwenye kiungo, ni cha hospitali. Na aliyeanguka akapoteza fahamu hata kwa dakika moja asipelekwe nyumbani kupumzika.

Sasa tunawageukia wakubwa. Tunaiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar izikague kofia zinazouzwa madukani, maana nyingine ni ganda tupu. Tunawaomba askari wamtazame abiria kama wanavyomtazama dereva, na mtoto kabla ya wote wawili. Wahusika wa barabara wayazuie malori ya mchanga na kokoto yanayopita bila ya turubali na kumwaga mzigo katika kona, kwani konzi chache za kokoto zinatosha kumwangusha mtu. Huko Pemba, kwenye miinuko na kona za njia ya Chake Chake na Mkoani, msimu wa karafuu hujaza majamvi kandoni mwa lami, na masheha wanaweza kukubaliana na wenye karafuu mahali pa kuanikia pasipompokonya mpandaji nafasi ya kukwepa. Vituo vya afya vya shamba navyo visikose bendeji na chanjo.

Na maofisi ya Serikali yaanze na pikipiki zao wenyewe. Tarishi na bwana shamba wanaopita bila ya kofia juu ya chombo chenye namba ya Serikali wanamvunja nguvu askari aliyesimama juani.

Tusije tukaambiwa kwamba tunawasema wengine, nasi tumetazama uani kwetu. Vijana wanaolisambaza gazeti hili alfajiri wana kofia, lakini tumekuta mmoja haina ukanda wa kidevuni, na wote walikuwa wamevaa ndara. Ya kwanza imekwisha kubadilishwa. Viatu vitanunuliwa kabla ya mwisho wa mwezi, na asiyekuwa navyo siku hiyo atapeleka magazeti kwa miguu.