Kakontwe: mfereji uchimbwe kabla katapila haijagusa udongo

Mvua za Haut-Katanga hazimshtukizi mtu. Zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, zinafikia Aprili, na kila mkaaji wa Likasi anajua hivyo tangu utoto wake. Lakini kwenye shantie nyingi za serikali, iwe barabara, shule ao kituo cha afya, udongo ndio unafunguliwa kwanza na mifereji inakuja mwisho. Wakati mwingine haiji kabisa. Katika kartie kama Kakontwe, desturi hiyo inabeba hatari ambayo wakubwa wa muji wanaweza kuizuia mwaka huu, bila kungojea sheria mpya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua kali ya milimita 50 ikinyesha kwenye hekta moja, inaleta lita 500,000, yaani malori 50 ya maji yenye kubeba lita 10,000 kila moja. Penye majani na miti, udongo unakunywa sehemu na nyingine inatembea polepole. Pale katapila imepita na rula imeshindilia, udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Maji yanateremka yote pamoja, tena yanabeba udongo uliolundikwa pembeni. Anayeyapokea ni mkaaji wa chini, mara nyingi katika nyumba ya matofali mabichi, ambayo ukuta wake hauvumilii kulowa siku mbili.

Kakontwe ina sababu moja zaidi ya kuogopa. Jina lake linajulikana na wataalamu wa mawe hadi Zambia: wanaita «kalkere ya Kakontwe» yale mawe ya chokaa yanayoonekana katika karieri yake, ambayo yalitumikishwa miaka mingi kwa kutengeneza chokaa ya viwanda vya shaba. Mawe ya namna hii yanayeyushwa na maji kidogo kidogo. Yanapata nyufa na mashimo, na maji ya juu yanaweza kufikia maji ya chini bila kuchujwa vizuri. Basi matope, mafuta ya mashini na uchafu wa shantie havikai juu tu. Vinaweza kuingia katika visima ambamo familia zinachota siku bomba limekauka.

Sheria hazikosekani. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira, katika kifungu cha 21, inadai kila mradi wa ujenzi unaoweza kugusa mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi, pamoja na mpango wa kusimamia madhara, na vyote vikubaliwe. Agence Congolaise de l'Environnement, iliyoundwa 2014, ndiyo yenye kupima uchunguzi huo. Tena sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu miji na makomine inaweka barabara za muji na mifereji mikubwa kati ya kazi za muji wenyewe. Lakini sheria ya Kinshasa haiwezi kusema udongo wa shantie ya Kakontwe urundikwe wapi. Hiyo ni kazi ya kanuni ya muji, na meya ana uwezo wa kuitia saini.

Kanuni hiyo haihitaji kurasa mia. Mfereji uchimbwe kabla ya kusawazisha kiwanja, pamoja na mahali unapoishia. Hili la mwisho ndilo linasahauliwa zaidi: kanivo nzuri ya beto inayokatika mbele ya mlango wa mtu inamtupia maji tu. Udongo usifunguliwe wote kwa mara moja, ila kipande kinachoweza kumalizwa kabla ya mvua. Marundo yakae mbali na mfereji, yazungushiwe mawe ao mifuko ya mchanga, na kwenye mteremko ukanda wa majani uachwe bila kukwanguliwa. Na siku shantie inasimama kwa kukosa pesa, jambo lisilo geni katika inchi yetu, kampuni isiondoke kabla ya kulinda udongo ulioachwa wazi.

Katika Marekani, tangu 2003, hata shantie inayofungua eka moja tu, karibu mita za mraba 4,000, inahitaji ruhusa na mpango wa maji ya mvua. Likasi haina haja ya kunakili karatasi zote za Wamarekani. Ichukue wazo la kipimo, kusudi shule ya madarasa sita isiponyoke kwa kusema ni ndogo.

Kanuni bila pesa nyuma yake haitamtisha mtu. Katika masoko ya serikali malipo yanatoka kwa awamu, na kazi inapokelewa kwa muda kabla ya mapokezi ya mwisho. Awamu ya kwanza ingojee mfereji. Mapokezi yafanywe kisha mvua kubwa kupita, si katika vumbi la Agosti, wakati kila kanivo inaonekana nzuri.

Wakubwa wana jibu lao: wanainchi wanajenga ovyo katika njia ya maji na kujaza mifereji takataka. Ni kweli, na mifuko ya plastiki inaonekana kila kisha mvua. Ila shantie ya serikali ina mwenyewe, ina mkataba na mkaguzi. Serikali isiposimamia maji ya kiwanja chake, itamwambia nini mama aliyejenga vyumba viwili kando ya bonde?

Jibu lingine ni bajeti. Barabara ya Taifa namba 1, ile inayopita Likasi, ilikatika kule Kinshasa, pale Matadi-Kibala, katika mvua ya tarehe 12 kuamkia 13 Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 100 katika muji ule. Kinshasa ina vilima vya mchanga ambavyo Kakontwe haina. Lakini hapa pia korongo linaanza na mtaro wa upana wa jembe. Kuuziba siku hiyo ni kazi ya vijana wanne wa kartie na mawe ya karieri jirani. Kuuziba kisha miaka mitatu ni soko lingine la serikali.

Mei hadi Septemba ni miezi mikavu, na ndiyo ya kuchimba. Shantie yoyote ya serikali itakayofika Oktoba bila mfereji, meya aisimamishe hadi uchimbwe. Na shefu wa kartie apewe nakala ya ramani, kusudi wakaaji wa chini wajue maji yatapita wapi kabla hayajafika.