Shule ya kimataifa: Mzazi aanze na mlango wa kutokea

Barua ya uhamisho haisubiri muhula uishe. Chukua familia ya Kitanzania inayoishi Kampala kwa mwaka wa nne sasa. Baba ameajiriwa na shirika la kimataifa, mama amepata kazi hapo hapo mjini, binti yao ana miaka 13 na mdogo wake wa kiume ana miaka minane. Ghafla baba anapangiwa Juba kwa mkataba wa miaka miwili, na mwajiri haruhusu familia kumfuata. Ndani ya wiki moja simu ya mama imejaa picha za shule: bwawa la kuogelea, farasi, watoto wa kila rangi wakicheka chini ya mti. Wazazi wanajadili usiku kwa sauti ya chini. Binti hajalala, anasikia kila kitu.

Mbele yao kuna njia tatu. Mama abaki Kampala na watoto waendelee na shule ya kutwa, au warudi wote Tanzania, au watoto waende bweni Moshi au Kenya. Wengi hukimbilia kulinganisha shule na shule. Swali lililo la kwanza ni jingine: mkataba ukiisha, mtoto huyu atakuwa na umri gani, darasa gani, na ataelekea wapi?

Binti wa miaka 13 leo, baada ya miaka miwili atakuwa na 15. Kwa mtaala wa Cambridge, huo ndio umri wa kuwa katikati ya masomo ya IGCSE, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili kabla ya mtihani. Kumhamisha hapo ni kumkata njiani. Hata shule nyingine ya mtaala huo huo inaweza kuwa imeanza mada tofauti, au haifundishi moja ya masomo yake. Diploma ya IB, inayosomwa miaka miwili ya mwisho, ni ngumu zaidi kuhamishika: masomo sita, insha ndefu ya utafiti na shughuli za kujitolea, vyote vikiwa vimepangwa mfululizo. Mfumo wa Kimarekani nao huhesabu alama za kila mwaka kuanzia darasa la tisa hadi la 12, na shule mpya huamua ni zipi itazikubali.

Akirudi nyumbani Tanzania, kuna mengine. Shule nyingi za kimataifa huanza mwaka Agosti au Septemba, wakati kidato cha kwanza hadi cha nne huanza Januari. Mtoto anaweza kukaa nyumbani miezi kadhaa au kurudishwa darasa. Vyeti vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa na vya ndani, kwa hiyo mwenye IGCSE hajapotea. Anayepata taabu ni yule anayerudi katikati, bila cheti chochote, akakutana na Kiswahili cha sarufi na fasihi ambacho hajakigusa tangu akiwa mdogo.

Hapo pana jambo ambalo wazazi hulicheka mpaka lichelewe. Mtoto anakaa nje miaka sita, nyumbani wazazi nao wamezoea kumjibu kwa Kiingereza, na siku bibi akipiga simu kutoka Morogoro mtoto anaishia kwenye "shikamoo" kisha anampa mama simu. Shule inaweza kusaidia. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili katika IGCSE, na IB huruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza hata pale shule isipokuwa na mwalimu wa lugha hiyo, kwa kujisomea chini ya usimamizi. Kiswahili kimo. Lakini shule haitamlazimisha mtoto kama mzazi hakuuliza siku ya kwanza.

Sasa bweni. Shule za bweni za kigeni katika ukanda huu zilizaliwa na umbali. Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, ilianza mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari waliokuwa wakifanya kazi mbali na shule. Ile ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1969, ikihusiana na hospitali ya KCMC, ili watoto wa wataalamu wa kigeni wapate pa kusoma. Leo inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na Arusha, na hupokea wa kutwa na wa bweni. Bweni lilikuwa jibu kwa mzazi aliye mahali pasipo na shule. Mzazi anayepeleka mtoto bweni kwa sababu ya foleni za asubuhi, au kwa sababu mwenzake kazini kapeleka, ana swali jingine kabisa, na bweni huenda lisiwe jibu lake.

Umri nao una uzito. Mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia wa Uingereza Joy Schaverien alichapisha mwaka 2015 kitabu kuhusu watu wazima waliopelekwa bweni wakiwa wadogo mno, na namna walivyojifunza kuficha huzuni mpaka ukubwani wakashindwa kuifungua hata kwa wenzi wao. Hilo halimaanishi kila mtoto wa bweni ataumia. Wapo wanaochanua. Lakini mvulana wa miaka minane ambaye baba ameshaondoka, akipoteza na mama muhula huo huo, amebebeshwa mzigo wa mtu mzima. Yeye abaki na mama, shule ya kutwa. Dada yake wa miaka 13 ni habari nyingine, na wazazi wasione vibaya kuwapa watoto wawili majibu mawili tofauti. Haki si kuwapeleka wote mahali pamoja.

Kama bweni linafikiriwa kwa binti, ziara ndiyo yenye majibu. Siku ya wazi ya shule kila kitu kimepigwa rangi. Afadhali Jumapili mchana, wakati masomo hayapo na watoto wanajitafutia la kufanya. Atafutwe matroni kabla ya mkuu wa shule. Nani analala kwenye jengo la wasichana? Mtoto akiugua saa nane usiku anamgongea nani, na huyo ana gari? Simu zinakusanywa saa ngapi, na je, mtoto anaweza kuongea na mzazi bila mtu kusikiliza? Wafanyakazi wa bweni walichunguzwa vipi kabla ya kuajiriwa? Kisha suala la uonevu. Shule inayosema kwamba kwao haupo kabisa imejibu vibaya. Iliyo makini itaeleza ulipotokea, nani aliambiwa, na nini kilifanyika.

Na likizo. Mabweni mengi hufungwa katikati ya muhula, hata kwa siku nne tano tu, na shule hutaka jina la mlezi aliye ndani ya nchi. Baba yuko Juba, mama Kampala, tiketi ni ghali. Shangazi wa Arusha aulizwe mapema kabla jina lake halijaandikwa kwenye fomu.

Kuhusu fedha, ada inayotangazwa ni mwanzo tu. Kuna ada ya maombi isiyorudishwa, mchango wa majengo, amana, mitihani, safari za kimasomo, na mara nyingi vyote kwa dola. Waajiri hawalipi sawasawa. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hurejesha sehemu ya gharama kwa watumishi walioajiriwa kimataifa, na asilimia hupungua kadiri ada inavyopanda; mtumishi aliyeajiriwa nchini kwake hapati. Lenye kuumiza zaidi liko kwenye maandishi madogo: shule nyingi hutaka taarifa ya muhula mzima kabla ya kumwondoa mtoto, la sivyo mzazi analipa muhula huo. Mkataba wa baba ukikatishwa Februari, nani analipa? Swali hilo liulizwe kwa mwajiri na kwa shule, na majibu yote mawili yawe kwenye karatasi.

Pia neno "kimataifa" kwenye bango halithibitishi chochote. IB na Cambridge wote wana orodha za shule zao kwenye tovuti. Ni kazi ya dakika tano, na imewaokoa wengi.

Linabaki la binti mwenyewe, ambaye amekuwa akisikiliza ukutani. Asiulizwe kama anataka kwenda, maana mtoto atajibu anachodhani kitampunguzia mama mawazo. Aende kwenye ziara, alale huko usiku mmoja kama shule inaruhusu, kisha aulizwe aliona nini, alikula na nani, choo kilikuwaje. Majibu yake kuhusu choo yatasema mengi.

Akienda, simu ya Jumapili ya kwanza itakuwa ya kilio. Hiyo ni kawaida, na mara nyingi dakika kumi baadaye anacheza. Mzazi asikate tiketi siku hiyo. Ampigie matroni aulize binti analala vipi na kama anamaliza chakula. Ila kama ikifika katikati ya muhula bado hali, halali na hana hata rafiki mmoja wa kumtaja kwa jina, basi arudi Kampala. Ndiyo maana mama mwenye busara hakuaga mapema shule ya kutwa ya zamani. Aliwauliza kwanza nafasi ya binti inaweza kushikiliwa hadi lini.