Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Sheria ya mwaka 2010 imemwekea faradhi kila mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kwamba asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Lakini faradhi hiyo, kwa niliyoyaona, hukomea karatasini. Mimi, ambaye polio ilinipooza mguu tangu utotoni, niliitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu katika jengo lisilo na lifti. Nikapanda hadi ghorofa ya tatu kwa magongo yangu, jasho likinitiririka, na nilipoketi, mabwana watatu waliokuwa wakinisaili hawakuifungua hata bahasha ya shahada zangu, bali mmoja wao, kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko tusi, aliniuliza ni nani atakayenileta kazini kila asubuhi. Nami nilikuwa nimekuja peke yangu! Hesabu hufanywa kwa akili, wala mguu hauna shauri ndani yake. Nawasihi wakaguzi wa kazi wazipitie orodha za waajiriwa, wawahesabu walioajiriwa kwa sheria hiyo, kisha wawaulize waajiri kwa nini usaili hauwezi kufanyika chini.